Pitia Katubuka Kwanza

Elisha mwanangu,

Usicheke. Najua utaona ajabu mama yako kukuandikia barua wakati uko hapa hapa, umekwenda tu mjini kutafuta begi, na ukirudi tutakula sahani moja. Lakini unanijua. Nikikaa nawe kuzungumza nitaanza na hili, nitarukia lile, wewe utasema "sawa mama", utanyanyuka, na mimi nitabaki naongea na sufuria. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Barua hii nitakupa mkononi kabla ya chakula, na uisome leo leo. Usiniambie utaisoma ukifika Tabora.

Nimekaa uani, jua bado liko juu. Baba yako amelala ndani. Mwezi ni mpevu, dagaa hawafuati taa, mitumbwi imepumzika, na yeye unajua siku za mbalamwezi anavyolala, utadhani ameajiriwa kulala. Kwa hiyo nina utulivu kidogo.

Mambo ya kubeba sweta, ya kutonunua vyakula vya dirishani kwenye treni, ya kumwamkia fundi wako Morogoro vizuri, hayo sitaandika. Umeshakuwa mtu mzima. Ukiharisha njiani utajifunza mwenyewe. Nataka kuandika juu ya neno ulilosema juzi pale barazani.

Yule mzee wa kanisa alikuja kukuaga, akakuuliza, kwa upole tu, "Na habari ya Katubuka, kijana, mmefikia wapi?" Ukacheka kidogo, ukasema, "Mzee, nimeshatubu. Mungu amenisamehe. Yaliyopita si ndwele, naenda Morogoro kuanza upya." Mzee akasema amina. Baba yako akakohoa. Mimi nikaingia jikoni nikaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika hata kidogo. Nilishtuka, kwa sababu maneno yale niliwahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, na niliyaamini.

Ngoja niandike wazi, maana humu ndani tunalizunguka jambo hili kama bakuli la uji wa moto. Riziki mliimba naye kwaya. Akapata mimba yako. Wazee wa pande zote mbili walipokaa kwao Katubuka, ukasimama sebuleni ukasema si yako. Baadaye ukaja ukamwambia baba yako, peke yenu, kwamba ni yako. Mtoto amezaliwa, wa kiume, na wewe kwao hujakanyaga. Kesho jioni unapanda treni.

Ninachokuomba ni kimoja: kabla ya stesheni, upitie Katubuka kwanza. Nimekitaja mapema usije ukasoma huku unaogopa kitakachokuja. Sasa nipe nafasi nikueleze kwa nini naomba, maana jambo lenyewe linanishangaza mpaka leo, na nikishangaa peke yangu nachoka.

Bibi yako unamkumbuka vizuri, mama yake baba yako, na mikono yake iliyokuwa na rangi ya mawese mpaka kwenye kucha. Unajua kuna miaka hakuishi nasi. Na sababu unaijua, kwa kuwa watoto wa mtaani walikuambia kabla yangu. Mtaa wetu wa Buzebazeba hauna siri. Lakini ulichosikia ni ganda.

Ulikuwa darasa la kwanza, tumbo likakuvimba. Mikono vijiti, miguu vijiti, tumbo mbele. Ukawa unasinzia mchana kutwa. Baba yako alikuwa kambini, kusini huko, kwenye uvuvi. Nyumbani tulikuwa watatu, mimi na wewe na bibi yako. Yeye alikuwa na kawaida ya kwenda nawe ziwani akaoshe mapipa yake ya mawese huku wewe unaogelea na wenzako mpaka macho yawe mekundu.

Mimi nilikuwa nimeokoka karibuni, na nilikuwa na moto, mwanangu, we acha tu. Nilipiga magoti mpaka yakachubuka. Nilikuwa nakemea mapepo hata kwa kuku akitaga yai dogo. Tulikuwa na kikundi cha maombi cha kina mama, kila Jumatano nyumbani kwa mmoja wetu, na katika kikundi chetu kila baya lilikuwa na mtu nyuma yake. Biashara ikilala, kuna mtu. Mimba ikiharibika, kuna mtu. Kuuliza "ni nini hiki?" hatukujua. Tulijua kuuliza "ni nani?" Basi tumbo la mwanangu nalo lilikuwa lazima lipate mtu.

Nikaota ndoto. Bibi yako anakulisha kitu chekundu kwa kijiko. Ebu fikiri! Mama mzee anayekamua mawese, anayekupa uji wenye mawese kila asubuhi, ningemwota na rangi gani nyingine? Lakini mimi ule wekundu nikauona damu. Jumatano ikafika, nikasimama, nikatoa ushuhuda. Jina sikumtaja. Nikasema, "Ni mtu mzima wa nyumbani kwangu, na mikono yake ni myekundu." Nikajiona mwerevu kweli, sijataja jina.

Haikuchukua hata juma. Wanawake waliokuwa wakinunua mawese yake wakawa wanampita kama hawamwoni. Mtu akamwaga sufuria lake la chikichi zilizokwisha kuchemshwa, likabaki limepinduliwa pale nyuma ya choo. Mawe yakalia juu ya bati. Bibi yako akafagia, kisha asubuhi moja akaja mlangoni kwangu. "Yewe, mke wa mwanangu, nimekukosea nini?" Mimi nilikuwa nasuuza sahani. Hata sikugeuka. Nikamwambia, "Muulize huyo unayemtumikia."

Nimeandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini kidogo. Yule alikuwa mama mkwe wangu. Ndiye aliyenipokea ulipozaliwa, akanikanda kwa maji ya moto siku zote za uzazi, hakuniachia hata ndoo ninyanyue. Nilimwambia neno lile kwa mdomo uliokuwa umefunga siku tatu kwa maombi. Hapo ndipo ninapouliza mpaka leo, nilikuwa namwomba nani siku zile? Na huyo niliyemwomba alikuwa ananisikilizaje?

Akafunga mkeka wake, akapanda gari la Kasulu kwenda kijijini kwa kaka yake. Mimi hakuniaga. Wewe alikuinamia, akakushika tumbo, akasema, "Mume wangu, upone." Ukacheka kwa kuwa siku zote alikuita mume wake.

Na ukapona! Sasa hapo ndipo penyewe. Majuma machache tu tangu aondoke, tumbo likarudi ndani, ukaanza kukimbia na kula ugali mpaka wa kwenye mwiko. Unadhani mama yako alikaa kimya? Nilisimama tena Jumatano nikatoa ushuhuda wa pili, huo wa shukrani. "Bwana ametenda! Adui ametoka nyumbani, mtoto amepona." Vigelegele! Wakacheza mpaka vumbi. Nikawa mtu mkubwa kikundini. Mtu akiwa na shida, wanasema, mleteni kwa mama Elisha, yeye anaona.

Kisha nikakutana sokoni na mwalimu wako, nimebeba dagaa kwenye beseni. Akaniuliza, "Elisha tumbo limeshuka?" Nikasema limeshuka, Mungu mwema. Akasema, "Ndiyo, yote yameshuka. Darasa zima walikuwa wamevimba, kichocho cha ziwani hicho. Tangu tuwape vidonge wamekuwa watoto wengine." Nikauliza, "Darasa zima?" Akasema, "Darasa zima, mama. Hakukuambia? Tuliwapanga mstari, wakanywa uji, wakameza."

Labda uliniambia, mwanangu, mimi niko kwenye kukemea sikusikia. Nilisimama pale na beseni langu. Hata kwa akili yangu ya siku zile niliona kwamba bibi yako asingekuwa na mikono ya kutosha kuloga darasa zima.

Unajua nilifanya nini? Nilirudi nyumbani, nikajifungia jikoni, nikalia, nikatubu. Kwa kweli nilitubu, sikuigiza. Nikasikia amani imeniingia. Nikajifuta machozi, nikasema, nimeshatubu, Mungu amenisamehe, yaliyopita si ndwele. Nikapika. Na Jumatano nikaenda kikundini kama kawaida, sikufungua mdomo juu ya vidonge wala juu ya bibi yako. Nikakaa hivyo miaka.

Baba yako aliporudi kutoka kambini akauliza, "Mama yuko wapi?" Nikamweleza kwa maneno mengi. Hakunipiga, hakunitukana. Ila miaka ile yote alikula chakula changu bila kusifia hata chumvi. Kila mbalamwezi alikwenda Kasulu kumwona mama yake, na hakuwahi kuniambia twende. Hilo nalo niliombea! Niliomba Mungu amlainishe mume wangu. Mtu unaweza kuwa na vituko mbele za Mungu, Elisha, we mtazame mama yako.

Kilichonitoa ni Jumatano nyingine. Dada mmoja mdogo, ameolewa karibuni, akasimama kutoa ushuhuda juu ya ndoa yake. Akasema, "Ni mtu mzima wa nyumbani kwangu." Maneno yangu yale yale! Alikuwa anamsema wifi yake. Halafu wote wakanigeukia mimi niombe, kwa kuwa mimi ndiye niliyepita njia hiyo nikashinda. Nikasimama, nikafumba macho, neno likakataa kutoka. Kila nikifungua mdomo naona sufuria limepinduliwa nyuma ya choo. Nikaomba ruhusa kama mtoto wa shule, nikatoka. Asubuhi yake nikapanda gari la Kasulu, na baba yako nilimwambia nikiwa tayari nimevaa. Akanitazama sana, akasema, "Mpelekee chumvi na sukari." Sikutarajia neno lingine.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga nikifika nianguke, nilie, niseme hivi na hivi. Kufika, bibi yako yuko uani anapepeta maharage, akaniona, akaacha ungo. Nikapiga magoti nianze kulia. Akasema, "Kwanza tuamkiane. Sisi hapa ni watu."

Basi unawajua wazee wa Kiha na salamu zao. Nikapiga makofi taratibu, "Mwakeye," naye akapokea, akaanza kuuliza. Mmeamkaje huko? Mwanangu ameamkaje? Ziwa limeamkaje, dagaa wapo? Yule jirani mwenye mguu mbaya? Akawapitia wote, Elisha, hata walioacha kununua mawese yake, mmoja mmoja, kwa jina, huku mimi magoti yananiuma na hotuba yangu inaniishia kichwani. Nadhani alifanya makusudi. Mwisho akauliza, "Na tumbo la mume wangu?"

Nikasema, "Limepona, mama."

"Lilipona kwa nini?"

"Kichocho, mama. Walipewa vidonge shuleni."

Akasema, "Aa." Akachukua ungo akaendelea kupepeta. Kwa "Aa" yake ile nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwomba msamaha. Nilichokuwa nimepanga chote kilipotea, nikasema tu, "Mama, nilikusingizia, na nilipojua nilinyamaza." Akanijibu, na jibu lake ndilo nililoishi nalo tangu siku hiyo: "Nilishakusamehe zamani, mwanangu. Hasira inaharibu usingizi, na mimi napenda kulala. Lakini kukusamehe kwangu hakukunirudishia heshima yangu. Heshima yangu mimi sinayo hapa. Iko kule ulikoiacha, kwenye kikundi chenu. Kaichukue."

Jioni ile akanionyesha kaka yake. Mzee alikuwa amepofuka, mkewe amekufa, watoto wako mbali. Bibi yako alipofika mara ya kwanza alimkuta anajipikia kwa kupapasa, mikono ina makovu ya moto. Mimi, unanijua, nikadakia hapo hapo, "Kumbe Mungu alikuwa na mpango wa kukuleta huku!"

Alinigeukia kwa ukali sijapata kuuona. "Yewe! Usimsingizie na Mungu. Umenisingizia mimi inatosha. Wewe ulimwaga, Imana Mungu akaokota. Anayeokota siye aliyemwaga."

Nimelizungusha neno hilo kichwani miaka yote hii. Wakati mwingine nikianika dagaa na mvua ikanishtukiza nalirudia tena. Dagaa walionyeshewa hawarudi kuwa dagaa wa kuuza, hilo unalijua, umewabeba. Ila mfugaji wa kuku anawataka, na kuku wanataga. Nani angefikiria yai? Lakini hakuna mwenye akili atakayewamwagia dagaa wake maji kusudi kwa kuwa anataka mayai. Ndivyo ninavyoelewa mimi, na huenda sielewi vizuri. Watu wengine wanasema kila kitu kimepangwa, hata kosa. Mimi siwezi kusema hivyo tangu siku ile. Ninachoweza kusema ni kwamba sijawahi kumwaga kitu ambacho Mungu alikipita tu bila kuinama.

Na ananishangaza zaidi kwa jambo la pili. Ule wakati nasimama kumsingizia bibi yako, Mungu alikuwa anakuponya wewe. Mimi naongea uongo mbele, yeye kule nyuma anawapanga watoto mstari na uji. Hakusubiri nitubu ndipo amponye mtoto wangu. Mimi ningesubiri. Ningekuwa Mungu ningesema, kwanza huyu mama afunge domo lake. Mungu wa namna gani huyu? Nikifika nitamuuliza, kama nafasi ya maswali itakuwepo.

Nilirudi, na Jumatano iliyofuata nikasimama mara ya tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko safari ya Kasulu. Nikasema yote, ndoto, vidonge, mwalimu, kunyamaza kwangu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama mmoja akatoka kabla sijamaliza. Wengine wakasema yule bibi amenishika na mimi. Nikaondolewa kwenye uongozi, na kuna jirani mpaka leo akija kwenye msiba wetu hali chakula. Hayo hayakuokotwa, au bado hayajaokotwa, sijui. Lakini yule dada mdogo alinifuata nyumbani siku hiyo hiyo, analia, akasema, "Mama Elisha, wifi yangu nimfanyeje?" Tukaenda wote kwa wifi yake jua halijazama.

Bibi yako alimuuguza kaka yake mpaka akamzika, ndipo akarudi kwetu. Sehemu hiyo unaijua. Unajua alivyouza mawese tena, alivyokufundisha kupiga makofi ya salamu, mlivyogombania mkia wa samaki mgebuka. Nilimpata miaka michache ya mwisho. Ile ya katikati sikurudishiwa, na baba yako hakurudishiwa, na ninaihesabu kuwa yangu ya kuililia. Siku tulipomzika nililia kuliko watoto wake wa kuzaa, na watu walijua kwa nini.

Sasa wewe. Ulisema Mungu amekusamehe. Nasadiki. Sina shaka hata chembe, na mtu asikutie shaka. Mimi msamaha wangu niliupata jikoni siku ile ile ya mwalimu, haukungoja Kasulu. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kumwachia Mungu jambo ni kukaa nalo mbali, nisimsumbue akiwa kazini. Kumbe muda wote alikuwa huko huko kwenye jambo lenyewe, kwa bibi yako, kwenye ua ule, ananingoja. Nilimwita jikoni miaka, naye yuko Kasulu anapepeta maharage.

Nawe ukienda Morogoro, atakuwa nawe Morogoro, sisemi hatakuwepo. Ila nahisi sehemu kubwa ya kazi yake na wewe sasa hivi iko Katubuka, na nina hamu kubwa ya kujua ni kazi gani. Huna hamu wewe? Kweli kabisa, huna?

Sikuambii umwoe Riziki. Hilo ni lenu wawili, na mimi sijui jibu lake. Wala sikuahidi utapokewa vizuri. Mama yake anaweza kukumwagia maji ya vyombo, na ana haki. Riziki anaweza akakataa kutoka chumbani. Kaka zake unawajua. Inawezekana usirudi na amani yoyote, urudi na shati lililochanika. Lakini uliposema "si yangu" ulisemea kwenye sebule ile, mbele ya baba yake na mama yake. Neno lile bado liko pale, wanalifagia kila asubuhi. Hakuna mwingine wa kuliondoa. Mungu mwenyewe, nijuavyo mimi, hataliondoa kwa niaba yako.

Na ukichelewa treni, ukachelewa. Treni nyingine itakuja, na fundi wa Morogoro hatakufa kwa kukukosa siku chache.

Baba yako amesema nisikulazimishe, wewe ni mwanaume sasa. Sikulazimishi. Ila kuna jambo moja hujui, na nikilificha nitakuwa nimerudi kule kule kwenye kunyamaza.

Leo asubuhi, wewe umelala, nilikwenda mwenyewe. Nilibeba sabuni na khanga na chupa ya mawese. Mama yake Riziki alinifungulia, hakutabasamu, lakini aliniwekea kiti. Riziki amekonda. Akanipa mtoto nimshike. Elisha, ana paji lako la uso, lile pana, na anakunja midomo akilala. Nilimshika muda mrefu, nao waliniacha.

Nikauliza, "Anaitwa nani?"

Riziki akatazama chini. Mama yake ndiye aliyejibu. "Kliniki wameandika mtoto wa Riziki. Humu tunamwita Mtoto. Nimemwambia huyu ampe jina tumalize, amekataa kabisa. Anasema jina ni la baba yake kutoa."

Nikamgeukia Riziki, nikamuuliza polepole, "Na asipokuja, mwanangu?"

Akasema, "Sijui, mama. Wewe ndiye uliyemlea."

Nilimrudishia mtoto, nikaaga. Nimeshafika njiani nikasikia ananiita, amesimama mlangoni na mtoto begani. Akaniambia, "Kesho hatutoki, mama. Tutakuwepo kutwa."

Mama yako